Nilimpiga Akiwa na Panga

Samuye, Shinyanga
20 Februari 1983

Mdogo wangu Thobias,

Najua ukifungua bahasha hii utataka kwanza kujua kama mama yupo. Yupo. Anakula, ananung'unikia magoti yake na chai isiyo na sukari, kwa hiyo ni mzima. Mwanangu Scolastika ameingia darasa la sita na amenipita urefu kwa vidole viwili. Mvua imenyesha vizuri, pamba imesimama, mtama nao haujambo. Sabuni ndiyo tumeisahau sura yake. Tunafulia majani ya mpapai. Ukiona hata kipande huko kwenu, tukumbuke.

Jirani yangu Limi anakusalimu. Anasema umwambie mdogo wake Selestine kwamba kalamu si nyoka, haiumi. Tangu mwezi wa kumi na moja hajaleta hata mstari mmoja. Mliondoka hapa pamoja na mnalala kibanda kimoja, basi mshike mkono aandike.

Sasa nikueleze lililotupata Jumanne iliyopita, kabla hujalisikia kwa watu.

Ilikuwa siku ya mnada na wanaume wote walikuwa wamekwenda. Nilikuwa uani natwanga. Saa nane mchana, jua kali, nikasikia Limi anapiga mwano wa kuita watu. Haikuwa kelele ya nyoka wala ya mtoto aliyeungua. Ulikuwa mwano wenyewe, ule ambao mtu akiusikia anaacha chakula mdomoni. Nisikudanganye, sikukimbia mara moja. Nilitazama barabara yote, sikuona mwanaume hata mmoja. Mama akasema kutoka ndani, "Apolonia, ingia ufunge mlango." Limi akapiga tena, na safari hii sauti ikakatika katikati, kama mtu aliyekabwa. Hapo miguu ikaenda yenyewe.

Walikuwa watatu. Wawili walikuwa wanafungua zizi la Bujiku, mume wake. Wa tatu alikuwa amemkaba Limi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulishika panga. Mchi nilikuwa nao bado mkononi. Nikampiga mguuni. Mfupa ukalia kama kuni kavu, akaanguka, panga likaruka kule. Wenzake wakatoka na ng'ombe wawili na hawakugeuka hata kumtazama.

Halafu watu wakafika, wa kitongoji cha pili kwanza, na mishale yao, kisha Bujiku na wenzake wakitoka mnadani mbio. Unajua wewe na nilijua mimi walichotaka kufanya. Tumeshaona yakifanyika. Yule mtu alikuwa chini anajikokota kwa viwiko. Sijui nilifikiri nini. Nilimkalia. Nilimkalia mgongoni, Thobi, kama mtu anavyokalia kigoda, nikaweka mchi magotini.

Bujiku akanifokea, "Mama Scola, umempiga wewe mwenyewe, sasa unamkalia wa nini?"

Nikasema, "Nilimpiga akiwa na panga. Sasa hana."

"Toka hapo!"

"Anayemtaka aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Nilikaa pale mpaka balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja. Sasa yule mtu yuko jikoni kwetu, mguu umefungwa kwa vipande vya mti. Anaitwa Mageni. Balozi amepeleka habari polisi, tunaambiwa gari litakuja likipata petroli.

Niandikie unavyoona wewe. Moyo wangu hautulii. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Dada yako,
Apolonia


Machimboni, Geita
27 Machi 1983

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake, umwambie nakula. Hapa duara letu la kuchimbia dhahabu limejaa maji, wiki tatu tunachota matope badala ya mawe. Nilikuwa na homa, imeondoka. Namtuma Marselino, mchimbaji mwenzangu anayekuja huko kuzika, akuletee miche miwili ya sabuni. Mmoja wa mama, mmoja wenu. Mwambie Scola asiimalize kwa kuoga.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Dada, ungekufa. Watu watatu wenye mapanga, na wewe una mchi! Nani angemlea Scolastika? Bujiku? Tangu marehemu shemeji atutoke nyumba hiyo ina wewe tu. Mtu akisikia kelele, kwanza anafunga mlango wake na kuhesabu walio ndani. Wakitimia, kazi yake imekwisha. Mama alikuambia neno la akili na hukulisikia.

Na huyo mwizi wa nini jikoni? Kama ulikwisha mpiga, ungewaachia wenyewe kazi yao. Huwezi kumvunja mtu mguu mchana na kumpikia uji jioni. Watu wanataka kukuelewa, dada, na hivyo unavyofanya hueleweki. Mtoe kwako kabla hajakutia matatani.

Ni hayo. Mpe pole Limi kwa yaliyomkuta.

Mdogo wako,
Thobias


Samuye
18 Aprili 1983

Mdogo wangu Thobias,

Sabuni tumepokea. Mama ameficha mche wake chini ya godoro na anaunusa. Ng'ombe wetu yule mwenye baka jeupe amezaa dume. Kwa hayo tumshukuru Mungu, maana mengine hayana shukrani.

Mageni alikaa kwetu siku ishirini na tatu. Gari lilikosa petroli, likapata, likakosa tena. Nilimpikia uji, ndiyo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja tu aliniuliza, "Mama, kwa nini hukuwaachia?" Nikamwambia anywe uji.

Kabla hawajamchukua, mama yake alikuja. Alifika saa nne asubuhi, sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu, mwanamke wa umri wa mama yetu, kanga imepauka, mkononi ana kuku aliyefungwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, nikampa kigoda. Akasema, "Naitwa Paskazia, natoka Kagongwa. Nimeambiwa mwanangu yuko katika mji huu."

Nikasema yuko. Hakuinuka kwenda kumwona. Akauliza kwanza, "Nani alimvunja mguu?"

"Mimi, mama."

Akauliza tena, "Na nani aliwazuia wasimwue?"

"Ni mimi pia."

Akamtazama kuku, akanitazama. Akasema, "Basi sijui huyu kuku ni wa nini. Njia nzima nimekuwa nikisema nitampa aliyemwokoa. Na aliyemvunja nilisema nitamtemea mate."

Hakunipa kuku wala hakunitemea. Aliingia jikoni, nikasikia analia na kumtukana mwanawe kwa pamoja. Jioni alipoondoka alimwacha kuku uani, amemfungua miguu, bila kusema ni wa nani. Tunaye mpaka leo na anataga.

Siku mbili baadaye polisi wakamchukua Mageni. Nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Unajua tangu mwaka jana kila kijiji kina jeshi lake la jadi, na kwa kweli wizi umepungua, siwezi kulisema vibaya. Waliniita. Mkuu wao akasema mwano ukipigwa unajibiwa na kijiji kizima, na hukumu ni ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja hawezi kuikalia. Bujiku akasema ng'ombe wake wawili wangepatikana kama wangemhoji yule mtu wao wenyewe. Pengine ni kweli, Thobi. Hilo nalo linanisumbua. Wakataka nitoe fahali na niseme mbele ya watu, "Nimekosa."

Fahali ningetoa. Yale maneno ndiyo niliyatafuta mdomoni nikayakosa.

Basi tumetengwa. Hatupewi moto wala hatusalimiwi, kisimani nachota wa mwisho. Atakayenisalimu atatoa mbuzi. Hata Limi, niliyemtoa kwenye mikono ya mtu mwenye panga, ananipita kama anapita mti. Bujiku amemkataza. Namwelewa, na simwelewi.

Kwenye barua yako hukusema neno la Selestine. Hukusema hata kama anaumwa. Mwambie dada yake anangoja.

Dada yako,
Apolonia


Machimboni, Geita
26 Juni 1983

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo, na mama pia. Nisamehe kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Maji yameisha kwenye duara na tumeanza kupata kidogo. Mvua imekatika, vumbi ndilo linatusumbua. Nimefurahi kusikia kuhusu dume.

Habari za kutengwa zimeniumiza. Dada, sema hayo maneno. Neno moja litakuponza mpaka lini? "Nimekosa", basi, halafu unarudi kuishi na watu. Watu wangapi wamesema wasiyoyaamini na wakaendelea kulima?

Na siku nyingine kukiwa na kelele, ubaki ndani. Utazoea. Mlango ukishafungwa na ukaegemeza kitu kizito, kelele zinapungua, na baada ya muda zinakwisha zenyewe. Asubuhi inafika kama kawaida.

Selestine alihamia machimbo mengine, mbali kidogo. Hatuonani.

Mdogo wako,
Thobias


Samuye
17 Julai 1983

Thobias,

Mama ni mzima. Tunavuna pamba mimi na Scola peke yetu. Mwaka jana tulikuwa wanawake kumi na wawili shambani, tunaimba. Vidole vimechanika. Scola ameacha kuniuliza mpaka lini.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nimesimama pale pale. Nani alikuambia kwamba mlango ukiegemezwa kitu kizito kelele zinapungua? Hilo si jambo ambalo mtu analijua kwa kukisia. Mimi niliusikia mwano wa Limi dakika ile tu niliposita uani, na mpaka leo haujapungua. Wewe ulisikia wa nani?

Juzi nilikuwa napita karibu na zizi la Bujiku. Limi alikuwa anamfunga ndama. Hakugeuka. Akamwambia yule ndama, kwa sauti, "Wewe ndama, kama kuna mtu ana ndugu Geita, amwulize kweli kweli yuko wapi Selestine. Nimemwota mara tatu hana viatu." Nami nikamwambia mti ulio mbele yangu, "Nitauliza."

Basi nauliza. Usiniambie amehama. Ulipokuwa mdogo ukidanganya ulikuwa unasema sentensi fupi, na bado unazisema.

Apolonia


Machimboni, Geita
21 Agosti 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za duara.

Selestine amekufa. Alikufa tarehe kumi na moja Desemba, mwaka jana. Amezikwa hapa, nyuma ya mti wa mkwaju, tulimwekea mawe. Nimekaa na jambo hili miezi minane na sikujua nilishike wapi.

Karibu na kibanda chetu anaishi mwanamke anayeitwa Zuleha, anatuuzia chai na wali. Watu wanajua anatunza vidhahabu vidogo vya wachimbaji wasioaminiana. Alfajiri ile alikuwa anawasha moto, tukasikia anapiga kelele, "Jamani nauawa!" Selestine aliamka kabla yangu. Akasema, "Thobi, twende." Nikasema ngoja. Akasema, "Tungoje nini?" Akatoka hana viatu.

Mimi sikutoka. Kulikuwa na kiroba cha mawe pembeni, nikakisukuma mlangoni, nikakaa juu yake. Nilijiambia nasikiliza kwanza nijue wako wangapi. Nilisikia vishindo, nikasikia sauti ya Selestine, sikushika maneno, kisha nikasikia watu wanakimbia. Niliendelea kukaa. Nilitoka watu wengine walipokwisha jaa. Walimchoma kisu tumboni. Tulimbeba kwenye mlango wa kibanda cha mtu kwenda kutafuta gari, akafia njiani kabla jua halijapanda. Wale watu hawakupatikana.

Zuleha alipona. Hakuwapo mtu wa kumwambia nilikuwa ndani. Alidhani nimelala kwenye duara, kama tunavyofanya siku nyingine, nami sikumsahihisha. Kila asubuhi ananipa chai na ananiambia, "Ungekuwepo, Thobi, mngekuwa wawili." Kila asubuhi, dada.

Ndiyo maana barua yako ya kwanza niliisoma nimesimama. Uliniandikia kwamba ulikwenda na mchi, mwanamke, peke yako, na mimi nikakuandikia kwamba hukufanya akili. Nilitaka uwe umekosea. Ungekosea wewe, mimi ningepona kidogo.

Nakuomba jambo moja. Mwambie Limi. Utajua namna. Mwambie alikufa kiume, akimwokoa mtu. Mengine si lazima.

Thobias


Samuye
9 Septemba 1983

Mdogo wangu,

Nimelia, na mama nimemwambia, naye amelia. Alikuwa anampa Selestine matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, mkitoka shule, unakumbuka.

Sitamwambia Limi.

Sikukatalii kwa hasira. Nimekaa na barua yako siku tatu. Mimi hata salamu siruhusiwi kumpa. Nikimpelekea msiba nitaupitishia wapi, kwa ndama? Lakini hata ningekuwa huru nisingepeleka. Habari hii ina sehemu ambayo ni yako, na mtu mwingine akiibeba ataiangusha njiani. Wewe mwenyewe umekwisha anza kuiangusha: "mengine si lazima."

Nami nina langu, tusije tukadhani mmoja wetu ni msafi. Nilikuandikia kwamba nilimpiga yule mtu mguuni. Nililenga kichwa, Thobi. Nilimjia kwa nyuma, nikainua mchi juu kwa mikono miwili, na nilitaka afe. Limi alijipinda, mchi ukamkosa kichwa ukamshukia mguuni. Watu wanaona nilimkalia kwa huruma. Sijui. Pengine nilimkalia kwa sababu nilikwisha muua moyoni, na nikaona wanakuja watu arobaini kumalizia kazi yangu, na nikaona sura yake, kijana tu, ana vumbi kwenye kope. Nikiulizwa kama ilikuwa haki kumpiga, nasema ndiyo, alikuwa na panga shingoni mwa Limi. Nikiulizwa kama ilikuwa haki kutaka afe, nanyamaza. Siku mama yake alipouliza nani alimvunja, nilijibu upesi, nikashukuru hakuuliza zaidi.

Njoo. Pamba imekwisha uzwa, nauli ukikosa niambie. Njoo useme mbele yake.

Apolonia


Machimboni, Geita
16 Oktoba 1983

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka huko nyumbani. Basi liliharibika mara mbili njiani, tulilala kivukoni. Mama mwambie ile asali imefika haijamwagika.

Sijui baada ya mimi kuondoka kulikuwaje. Mimi bado niko pale uani kwa Bujiku. Namwona Bujiku amesimama, mkuu wa jeshi la jadi amekaa, Limi amekaa chini na miguu ameinyoosha, na wewe umesimama nje ya ua kwa sababu huruhusiwi kuingia. Nilisema yote. Nilisema kiroba, nilisema nilikikalia. Nilidhani Bujiku atanipiga na nilitaka anipige. Akasema tu, "Wewe na dada yako, mmoja anakalia mwizi, mwingine anakalia mlango." Watu wengine wakacheka, unakumbuka, kisha wakaona aibu.

Halafu Limi akauliza lile swali lake moja. "Alipokuwa analia huko nje, aliita jina la nani?"

Nikasema, "Hakuita mtu."

Dada, nilisafiri siku mbili kuja kusema kweli, nikaisema yote, na pale mwisho nikadanganya. Na sentensi ilikuwa fupi, lazima uliisikia. Uliinamisha kichwa.

Aliniita mimi. Aliita "Thobi" mara mbili. Mara ya kwanza kwa nguvu, kama mtu anayemhimiza mwenzake aliyechelewa. Mara ya pili taratibu, kama vile tuko ndani pamoja na ananiuliza kitu. Nilikuandikia kwamba sikushika maneno. Nilishika. Hakuna neno lingine nililolishika vizuri zaidi maishani kuliko hilo.

Zuleha nimemwambia, asubuhi niliyorudi. Alikuwa anamimina chai yangu. Aliimwaga yote chini. Akaosha kikombe, akanimiminia nyingine, akasema, "Kunywa, lakini usinisemeshe." Ni siku ya sita sasa, nakunywa na hanisemeshi.

Msomee Limi barua hii. Usiruke mstari.

Thobias


Samuye
3 Novemba 1983

Mdogo wangu Thobias,

Marahaba. Mama hajambo, Scola hajambo, mvua za kwanza zimeonekana upande wa magharibi ila hazijatufikia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikuwa nafikiri namna ya kumfikia Limi, na sikuhitaji. Alimwona kijana wa posta akiingia kwangu, akamaliza kukamua, akaja. Alikuja saa tatu asubuhi, njia ya katikati, kijiji kizima kinamwona, kigoda chake kichwani kwa sababu alijua changu hatakiwi kukikalia. Bujiku alisimama kwenye ua wao akimwita kwa jina. Hakugeuka. Akakiweka kigoda uani kwangu, akakaa, akasema, "Mwangaluka, Mama Scola." Miezi saba sikuisikia salamu hiyo. Mama ndiye aliyeitikia kutoka ndani.

Akasema, "Soma."

Nilisoma yote. Nilipofika alipokuita mara mbili, akaninyanyulia mkono. Akasema, "Rudia ile ya pili." Nikarudia. Akasema, "Taratibu?" Nikasema ndivyo ulivyoandika, taratibu. Akalia hapo, Thobi, si kilio cha msiba, maana msiba alikwisha ulia ulipoondoka. Alilia na kutikisa kichwa kama anayekataa chakula. Nilimshika. Nilimshika mbele ya wote waliokuwa wamesimama njiani wanatazama, na hakuna aliyesema mbuzi.

Tulipotulia nikamwambia na langu, kwamba mchi ulilenga kichwa. Akasema, "Nilijua. Nilikiona kivuli chake. Ndiyo maana nilijipinda." Nikamwuliza kama alijipinda kujiokoa yeye au kumwokoa yule. Akasema hakumbuki, na tusiulizane.

Mkuu wa jeshi la jadi alikuja jioni. Alikaa nje ya ua, akauliza hali ya mama, akazungumzia mvua. Fahali hakumtaja wala yale maneno hakuyataja. Aliponyanyuka akasema, "Haya, Mama Scola, kesho mchote maji mapema." Sijui kama hiyo ni kufunguliwa. Jana watatu wamenisalimu, wengine bado. Bujiku bado. Ng'ombe wake hawakupatikana na ana haki ya uchungu wake, lakini amemwambia Limi akienda, akirudi atakuta mlango umefungwa, na hapo ndipo nilipobaki na wasiwasi.

Maana anakuja kwako. Atapanda basi na atafika huko Jumanne tarehe kumi na tano, Mungu akipenda. Anataka kuona alipozikwa mdogo wake, na anataka kumwona huyo Zuleha. Mpokee wewe mwenyewe kituoni, usimtume mtu. Anachukua kanga zangu mbili, na michembe ya viazi ya kula njiani.

Nilimwuliza atakufanya nini akikuona.

Akasema, "Sijui bado. Ndiyo maana naenda."

Dada yako,
Apolonia